Mama, wanawe na kisu: uchambuzi wa Medea ya Delacroix

Mwaka 1838, katika maonyesho makuu ya sanaa ya Paris yaliyojulikana kwa jina la Salon, mchoraji Mfaransa Eugène Delacroix alionyesha mchoro wa rangi za mafuta wenye kimo cha sentimita 260 na upana wa sentimita 165. Ndani yake wamo watu watatu tu, mwanamke na wanawe wawili wadogo, wamejibanza pangoni. Mwanamke yuko kifua wazi, ana taji juu ya nywele nyeusi, amewakumbatia watoto kwa mikono yote miwili huku amegeuza uso kutazama kule walikotoka. Anayepita haraka ataona mama anayewaficha wanawe wasije wakadhuriwa. Akisimama kidogo, macho yatateremka hadi kwenye mkono wa yule mama, na hapo atakiona kisu.

Kwa Kifaransa mchoro huo unaitwa Médée furieuse, yaani Medea mwenye ghadhabu, na uko katika jumba la makumbusho la Palais des Beaux-Arts mjini Lille, kaskazini mwa Ufaransa. Nauchambua kama kisa kwa sababu una kila kitu ambacho kisa kinahitaji: mtuhumiwa, waathirika, ushahidi, na hukumu iliyokwisha kutolewa zaidi ya miaka elfu mbili kabla mchoraji hajazaliwa. Delacroix alilichukua jalada hilo akalifungua upya. Rai yangu ni kwamba jina la mchoro linatupotosha. Ukiutazama uso na mwili wa mwanamke huyu, unachokiona ni hofu kuliko ghadhabu, na mtu akishaiona hofu hiyo hawezi kuisoma habari ya Medea kama alivyozoea.

Habari yenyewe ni ya Kigiriki. Medea alikuwa binti wa mfalme wa Colchis, nchi iliyokuwa upande wa mashariki wa Bahari Nyeusi, katika eneo ambalo leo ni Georgia. Babu yake alikuwa Helios, mungu wa jua, na yeye mwenyewe alikuwa bingwa wa dawa na uchawi. Jason alipofika kutoka Ugiriki kutafuta ngozi ya dhahabu ya kondoo dume, Medea ndiye aliyempa mbinu za kuipata. Alimsaliti baba yake, akaacha kwao, akavuka bahari na mwanamume aliyemwapia kwamba atakuwa mkewe. Walipokwisha kutulia Korintho, mji wa Ugiriki, na kupata watoto wawili wa kiume, Jason akaamua kumwoa binti wa mfalme Kreon. Medea akaachwa kwenye mataa, ugenini, hana baba wala kaka wa kumsemea. Juu ya hayo mfalme akaamuru afukuzwe nchini pamoja na wanawe. Aliomba siku moja tu ya kujitayarisha, akapewa, na siku hiyo ikamtosha. Alimpelekea bibi harusi vazi lenye sumu, likamuua yeye na baba yake. Kisha akawaua wanawe kwa mkono wake ili Jason abaki hana mke wala uzao, akatoroka kwa gari alilopewa na babu yake.

Hivyo ndivyo Euripides alivyoipanga katika tamthilia iliyoonyeshwa Athene mwaka 431 KK, nayo ndiyo sura ya kisa iliyoshinda nyingine zote. Lakini haikuwa ya pekee. Pausanias, msafiri wa karne ya 2 BK aliyeandika habari za miji ya Ugiriki, anaeleza simulizi la Korintho ambalo ndani yake watoto hao, Mermerus na Pheres, walipigwa mawe na Wakorintho kwa sababu ya zawadi walizompelekea binti wa mfalme. Katika simulizi hilo mama hana damu mikononi. Watoto wanauawa na wenyeji wa mji ambao haukuwahi kuwakubali. Hata Euripides aliacha mlango wazi kidogo: Medea wake anasema kwamba asipofanya haraka, watoto watakufa kwa mkono mwingine wenye uadui zaidi kuliko wake.

Naomba msomaji alishike jambo hilo, kwa sababu maelezo mafupi yaliyotolewa kwa mchoro huu wakati wa maonyesho ya 1838 yalitaja mambo mawili. Moja, kwamba Medea yuko karibu kuwaua wanawe wawili. Jingine, kwamba anafukuzwa.

Kwa Euripides mauaji yanafanyika ndani ya nyumba, milango imefungwa, na watazamaji wanasikia tu vilio vya watoto. Hakuna pango wala kundi la watu linalomkimbiza mama huyo porini. Delacroix amemtoa Medea nyumbani kwake, amemnyang'anya gari la mungu, amemvua uchawi wote, akamwacha na miamba, giza na kelele za watu ambao sisi hatuwaoni. Alichobakiza cha utukufu wake ni taji na vito vichache, na vitu hivyo vinaongeza unyonge wake badala ya kuupunguza. Binti wa mfalme anajificha kwenye jabali kama mnyama aliyezingirwa na wawindaji.

Sasa tuuchunguze ushahidi wenyewe, tuanze na watoto, kwa maana waandishi wengi wanaomzungumzia Medea huwapita kana kwamba ni vifaa vya jukwaani. Wote wawili wako uchi, miili yao minene na laini kama ya watoto wanaonyonyeshwa na kupendwa. Hawajawahi kukosa matunzo. Mmoja amebanwa kifuani pa mama, mkono wa mama umempita kwa nguvu hadi uso wake umekunjamana, na analia. Mwingine yuko chini zaidi, amebebwa vibaya, miguu inaning'inia, mwili wake nusu umefichwa na mikunjo ya nguo ya mama. Mtoto anayebebwa namna hiyo amenyakuliwa kwa haraka. Yeyote aliyewahi kukimbia na watoto wawili anajua kwamba huwezi kuwashika kwa adabu, unashika panaposhikika. Delacroix alilichora hilo kwa ukweli mkubwa, na ndipo uzito wa mchoro unapolala: mkono unaombana mtoto asianguke hauna tofauti yoyote na mkono unaombana asikimbie. Msuli ni uleule na nguvu ni ileile.

Kisha kisu. Hakijainuliwa. Wachoraji wengi wangemwinulia mama huyo mkono juu, makali yakimeta hewani, ili hata aliye mwisho wa ukumbi aelewe. Hapa mkono ulioshika kisu ndio huohuo unaomshikilia mtoto, na chuma kiko karibu kabisa na ngozi yake. Hata haionekani kama Medea anakikumbuka. Akili yake yote iko kule anakotazama.

Na uso. Amegeuka tunamwona kwa upande, midomo imeachana kidogo, na kivuli kimekata uso wake katikati, kikayafunika macho. Mashavu na shingo vina mwanga, kifua kinang'aa, miili ya watoto inang'aa, lakini macho, mahali ambapo tungependa kusoma nia yake, yamezama gizani. Naona huu ndio uamuzi mkubwa kuliko yote katika mchoro. Mchoraji aliyetaka kumhukumu Medea angeyamulika macho yale, ayajaze wazimu au chuki, na mtazamaji angerudi nyumbani ametulia kwamba amemwona muuaji anavyofanana. Delacroix ametunyima nafuu hiyo. Mwili wa mama unatuambia jambo moja, kisu kinatuambia jingine, na macho ambayo yangeamua yamefichwa.

Watu waliozizoea picha za Ulaya wangeigundua haraka asili ya mpangilio huu. Umbo zima linajenga piramidi: kichwa cha mama kileleni, watoto na nguo zikitanuka chini. Kwa karne nyingi umbo hilo lilitumika kumchora Bikira Maria na Mtoto, na pia kuchora fadhila ya Upendo, ambayo kwa desturi ilichorwa kama mama aliyezungukwa na watoto anaowanyonyesha. Mfano bora uko Louvre, jumba la makumbusho la Paris ambalo Delacroix alilijua vizuri na alilokuwa akinakili humo kazi za wakubwa waliomtangulia. Ni Upendo wa Andrea del Sarto, alioutia sahihi mwaka 1518 wakati alipokuwa Ufaransa akimfanyia kazi Mfalme François wa Kwanza. Pale mama ameketi imara, mtoto mmoja ananyonya, mwingine yuko ubavuni pake, na wa tatu amelala usingizi chini. Weka picha hizo mbili pamoja, utaona kwamba Delacroix aliichukua ile ya fadhila na kuitia kisu. Kifua kilichokuwa cha kunyonyesha kiko wazi vilevile, mapaja yaliyokuwa kiti cha watoto yapo, na mikunjo mizito ya nguo ipo. Yule muuaji mashuhuri wa Kigiriki amejengwa kwa vipande vya mama mtakatifu. Sisi tuliokulia kati ya khanga zilizoandikwa Nani kama mama, tunajua jinsi sura ya mama inavyowekwa mahali pa juu kiasi kwamba hata kuuliza swali juu yake huonekana ni utovu wa adabu. Ulaya ya Kikristo ilikuwa na pahali pake pa juu, na Delacroix alikwenda moja kwa moja hapohapo.

Kuna suala la wakati pia. Kwa nini kabla, na si baada? Swali hilo lilikuwa na historia. Karibu na enzi ya Julius Caesar palikuwa na mchoraji aliyeitwa Timomachus wa Byzantium, ambaye Medea wake alipata umaarufu mkubwa. Mwandishi wa Kirumi Pliny anasema Caesar alinunua mchoro huo pamoja na mwingine wa Ajax, shujaa wa Kigiriki, kwa talanta 80, akaiweka katika hekalu la Venus. Mchoro wenyewe ulipotea, ila ukuta mmoja wa Pompeii, mji wa Kirumi uliofukiwa na volkano, ulitunza Medea mwingine, ambaye leo yuko makumbusho ya Naples: mama amesimama na upanga, anawaza, huku watoto wakicheza na mwalimu wao akiwatazama. Mwaka 1766 mwandishi Mjerumani Lessing alimsifu Timomachus kwa sababu alichagua dakika ambapo mapenzi ya mama na wivu bado yanapigana moyoni. Alisema mchoraji asionyeshe kilele cha tukio, maana mtazamaji akishaonyeshwa kilele, fikra zake hazina tena pa kwenda.

Delacroix anaifuata njia hiyo na kuiacha kwa wakati mmoja. Dakika aliyoichagua ni ya kabla, kweli. Lakini Medea wa Pompeii anafikiri. Ana nafasi ya kufikiri, nyumba imetulia, watoto wanacheza. Huyu wa 1838 hana nafasi. Kinachoshindana ndani yake si mapenzi na wivu tu. Kuna sauti za wanaokuja. Kuna hesabu ya haraka ya mtu ambaye amebakiwa na pumzi chache kabla watoto hawajaingia mikononi mwa wengine. Waromantiki, yaani wasanii wa kizazi cha Delacroix waliotanguliza hisia kali, walipenda watu wanaosukumwa na nguvu kubwa kuliko wao, wakaasi ile picha ya mashujaa watulivu waliochongwa kama sanamu, na hapa mapenzi hayo yamezaa kitu cha maana kuliko kelele: yametupa sababu ya kumwonea huruma mtu ambaye hatuwezi kumtetea.

Wazo hili lilimkaa mchoraji kwa muda mrefu. Shajara yake ya mwaka 1824 inaonyesha kwamba tayari Medea alikuwa akimshughulisha, akiwa kijana wa miaka 25 hivi. Mwaka huohuo ndio alioonyesha mchoro wake mkubwa wa mauaji ya kisiwa cha Chios, ambako Wagiriki wengi sana waliuawa au kuuzwa utumwani na majeshi ya Dola ya Uthmaniya mwaka 1822. Katika pembe ya chini ya mchoro ule amelala mama aliyekufa, na mtoto wake mchanga angali akitafuta titi. Kwangu mama wa Chios na Medea ni wa ukoo mmoja. Wote wawili wamepatwa na watu wenye silaha wakiwa na watoto kifuani. Mmoja alikufa kabla ya mtoto wake, mwingine anaona kwamba watoto ndio watakaotangulia. Delacroix mwenyewe alifiwa na mama yake mwaka 1814 akiwa na miaka 16, baba alikwisha kufa mwaka 1805, na hakuwahi kuoa. Sitajenga ghorofa juu ya msingi huo, ila si jambo la kupitwa kimya kwa mtu aliyeurudia mara kwa mara mwili wa mama ulio hatarini.

Na watazamaji wa Paris walikuwa na sheria zao walipokuwa wakimtazama. Kanuni ya Kiraia ya Ufaransa ya 1804 ilimpa baba peke yake madaraka juu ya watoto ndoa inapoendelea. Talaka, iliyoruhusiwa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, ilifutwa mwaka 1816 na haikurudishwa hadi 1884. Mwanamke wa Paris mwaka 1838 ambaye mumewe amepata nyumba nyingine hakuwa na mlango wa kutokea ambao ungemwacha huru pamoja na watoto wake. Sidai kwamba Delacroix alikuwa wakili wa wanawake. Sina ushahidi wa hilo. Nadai kwamba hoja za Medea wa Euripides, anayelalamika kwamba mwanamke hununua mume kwa mahari na kisha kupata bwana wa kuutawala mwili wake, zilisomeka kama habari za mji ule na mwaka ule, na kwamba mchoro uliomwonyesha Medea kama mtu anayefukuzwa ulikutana na macho yaliyojua kufukuzwa ni nini.

Mchoro ulipokewa vizuri kuliko kazi nyingi za Delacroix za miaka iliyotangulia, serikali ikaununua, ukapelekwa Lille. Pale Lille imehifadhiwa pia michoro ya maandalizi inayoonyesha jinsi alivyozunguka na mkao huu. Hakuishia hapo. Alichora tena Medea mwaka 1859, toleo lililokuwa Berlin na likaangamia katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, na tena mwaka 1862, toleo dogo zaidi lililoko Louvre. Hilo la mwisho ni la mwaka mmoja tu kabla ya kifo chake. Baadaye mchoraji Mfaransa Cézanne naye akauchora upya kwa rangi za maji, akaacha pango karibu lote na kushughulika na ule msokotano wa mikono ya mama na miili ya watoto. Nadhani alipachagua panapostahili.

Niliposema jina la mchoro linapotosha, nilikuwa na kesi nyingine akilini, maana jina la Medea limewahi kuwekewa mwanamke halisi. Januari 1856, Margaret Garner, mwanamke mweusi aliyekuwa mtumwa Kentucky, alivuka mto Ohio ulioganda kwa barafu pamoja na mumewe, watoto wao na wazee wa familia, wakaingia Cincinnati katika jimbo lisilo na utumwa. Sheria ya Marekani ya 1850 iliwaruhusu wenye watumwa kuwafuata waliotoroka hata huko. Nyumba waliyokimbilia ikazingirwa. Wafukuzaji walipovunja mlango, Garner alimuua kwa kisu binti yake wa miaka miwili, na angewamaliza wengine kama asingezuiwa. Mahakamani watu walibishana iwapo ashtakiwe kwa kuua, yaani kama binadamu, au arudishwe kama mali. Akarudishwa, akapelekwa kusini, akafa mwaka 1858.

Mwaka 1867 mchoraji Thomas Satterwhite Noble, mzaliwa wa Kentucky aliyekuwa amepigana upande wa majimbo ya kusini, alichora tukio hilo, na nakala yake ikachapishwa gazetini kwa jina la Medea wa kisasa. Katika mchoro wa Noble mama amesimama wima, macho yametoka, watoto wamelala sakafuni, wanaume waliokuja kumkamata wanashtuka mbele yake. Jina lile linamfunga Garner kwenye kisa cha mke mwenye wivu aliyeua kumkomoa mume. Garner hakuwa akimkomoa mume. Mumewe alikuwa ndani ya nyumba ileile, akitetea familia hiyohiyo. Alichotaka ni binti yake asirudi utumwani. Uso ulioangazwa na macho yaliyotoka vinamwambia mtazamaji amtazame yeye, amshangae yeye, na wanaume wenye sheria mfukoni wanageuka mashahidi waliopatwa na bumbuwazi.

Delacroix, miaka 18 kabla ya mlango ule wa Cincinnati kuvunjwa, alikuwa amepanga vitu kwa namna tofauti. Wafukuzaji hawamo katika mchoro wake kabisa, lakini mama anawatazama, na kwa kuwa anawatazama kule nje ya fremu, nasi tunalazimika kuwahesabu miongoni mwa watuhumiwa.